Roberto Gavaldón: Mwongozaji wa Filamu Aliyesema Gizani Yaliyokatazwa Mchana

Utangulizi

Wahenga walisema kwamba mchimba kisima huingia mwenyewe. Iwapo ingelazimu kuteua methali moja ya kuzifumbata filamu za Roberto Gavaldón, mwongozaji wa filamu wa Meksiko aliyeishi kati ya mwaka 1909 na 1986, basi hiyo ndiyo ingefaa. Wahusika wake wakuu huchimba kisima wakidhani kuwa wanamchimbia mwingine, na mtazamaji hubaki na taharuki akisubiri kuona ni lini watatumbukia. Aghalabu ni watu wenye akili, sura na haiba. Wanachokikosa ni nafasi katika jamii, nao huamua kuinyakua kwa hila au kwa damu.

Jina la Gavaldón si geni miongoni mwa wapenzi wa filamu wa Meksiko, ila wengi wetu tunaojishughulisha na fasihi ya Kiswahili huenda hatujawahi kulisikia. Zipo sababu mbili za kumtambulisha katika kurasa hizi. Kwanza, sehemu kubwa ya kazi zake ilichota kutoka kwa fasihi andishi: maandishi ya Vicente Blasco Ibáñez, B. Traven na Juan Rulfo yote yalipitia mikononi mwake kabla ya kufika kwenye skrini. Pili, na hili ndilo kuu, Gavaldón alijijengea jina kwa filamu za uhalifu, utanzu ambao wahakiki wengi huutia katika kapu la sanaa pendwa kisha wakaupa kisogo. Makala haya yanashikilia kwamba utanzu huo uliodharauliwa ndio uliompa uhuru wa kuisema jamii yake. Alipothubutu kusema jambo lilelile peupe, filamu yake ilifungiwa kwa muda wa takriban miaka 11.

Maisha ya Awali

Roberto Gavaldón alizaliwa tarehe 7 Juni 1909 mjini Jiménez, katika jimbo la Chihuahua, kaskazini mwa Meksiko. Mwaka uliofuata Mapinduzi ya Meksiko yalilipuka, na Chihuahua ikawa mojawapo ya viini vya vita hivyo. Kizazi chake kilikulia katika nchi iliyoahidiwa ardhi, haki na usawa, kikazeekea katika nchi ambamo ahadi hizo zilikuwa zimegeuzwa kuwa hotuba za sikukuu. Pengo hilo kati ya ahadi na hali halisi ndilo msingi wa kila alichokifanya baadaye.

Akiwa kijana alivuka mpaka hadi Los Angeles nchini Marekani, akafanya vibarua vya hapa na pale na kuonekana katika filamu kama mmoja wa watu wa kujaza mandhari, wale ambao hawana hata neno moja la kutamka. Aliporejea Meksiko katika miaka ya 1930 alianzia chini kabisa. Aliigiza sehemu ndogondogo, kisha akawa msaidizi wa waongozaji wengine kwa miaka kadhaa. Huko ndiko alikojifunza kazi: jinsi ya kupanga ratiba, jinsi ya kuweka taa, jinsi ya kumkalisha mwigizaji mahali ambapo kivuli kitamkata uso. Ukali wake kazini ulimfanya abandikwe lakabu ya Kihispania yenye maana ya zimwi.

Mambo yaliiva wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Serikali ya Meksiko ilikuwa imeunga mkono kuanzishwa kwa benki ya kugharamia filamu mnamo 1942, na kwa kuwa nchi hiyo ilikuwa upande wa Marekani vitani, studio zake hazikukosa utepe wa kupigia picha. Filamu za Meksiko zikaenea kote walikozungumza Kihispania. Katika neema hiyo Gavaldón alipewa nafasi ya kuongoza La barraca, yaani Kibanda, iliyotoka mwaka 1945. Ilitokana na riwaya ya Blasco Ibáñez kuhusu wakulima wa Valencia nchini Uhispania. Wengi wa waliomsaidia kuitengeneza walikuwa Wahispania waliokimbilia Meksiko baada ya jamhuri yao kushindwa vitani mwaka 1939, akiwemo binti wa mwandishi mwenyewe, Libertad Blasco Ibáñez, aliyeshiriki katika kuandaa mswada. Filamu hiyo ilitawazwa kuwa filamu bora katika awamu ya kwanza kabisa ya tuzo za Ariel, ambazo ndizo tuzo kuu za filamu nchini Meksiko, naye Gavaldón akatuzwa kuwa mwongozaji bora. Alikuwa ameingia kwa mguu wa kulia.

Filamu Nyeusi na Jiji Jipya

Mnamo 1946 wahakiki wa Ufaransa walianza kutumia istilahi yenye maana ya filamu nyeusi kuelezea aina fulani ya filamu za uhalifu kutoka Marekani. Katika filamu hizo taa ni chache na vivuli ni virefu. Shujaa si mwema, na sheria hufika ikiwa imechelewa. Mwaka huohuo Gavaldón alitoa La otra, yaani Yule Mwingine, na kuonyesha kuwa giza hilo lilikuwa na makao pia katika Jiji la Meksiko.

Ikumbukwe kwamba mwaka 1946 ndio ambao Miguel Alemán alishika hatamu za urais, akaziongoza siasa za nchi hadi 1952. Viwanda na majumba marefu yalichipuka, matajiri wapya wakajitokeza, na tuhuma za ufisadi zikawa wimbo wa kila siku. Filamu nyingi za wakati huo ziliendelea kusifu mashamba, farasi na nyimbo za mapenzi. Gavaldón aliipeleka kamera kwenye saluni, kwenye ofisi za mawakili, kwenye kumbi za kamari na kwenye vyumba vya kulala vya wajane wenye mali. Mpigapicha Alex Phillips, mzaliwa wa Kanada aliyehamia Meksiko, alimsaidia kuyafanya majumba hayo ya fahari yaonekane kama magereza.

Msaidizi wake mkuu, hata hivyo, alikuwa mwandishi. José Revueltas, aliyezaliwa mwaka 1914, alikuwa Mkomunisti tangu ujana wake. Kabla ya kutimiza miaka 21 alikuwa tayari amefungwa katika visiwa vya Islas Marías, gereza la baharini lililokuwa pwani ya Pasifiki, na tajriba hiyo ikazaa riwaya yake Los muros de agua ya mwaka 1941. Kuanzia La otra, Revueltas alishirikiana na Gavaldón katika kuandika miswada ya filamu nyingi kwa muda wa miaka kadhaa. Ni ushirikiano unaostaajabisha: kwa upande mmoja mwongozaji aliyependwa na wenye studio, na kwa upande mwingine mwanamapinduzi aliyejua ladha ya chakula cha gerezani. Revueltas alihitaji riziki, naye Gavaldón alihitaji mtu aliyelijua giza kwa ndani.

Filamu Tatu za Uhalifu

Katika La otra, Dolores del Río, aliyekuwa amerejea nyumbani baada ya miaka mingi ya umaarufu Hollywood, anaigiza mapacha wawili. María ni maskini anayetunza kucha za wateja kwa mshahara mdogo na kuvumilia tabia zao. Magdalena ni mjane aliyerithi utajiri. María anamuua pacha wake, anavaa nguo zake na kuifanya maiti ionekane kuwa ni yeye María aliyejiua. Tatizo ni saini: mwandiko wa marehemu haujui. Kwa hivyo anauchoma mkono wake wa kulia kwa chuma cha moto ili apate udhuru wa kutotia saini. Hapo ndipo msuko unapobana. Mali aliyoirithi inakuja pamoja na mpenzi wa siri wa Magdalena, na pamoja na uhalifu ambao Magdalena alikuwa ameutenda, kwani alikuwa amemuua mumewe kwa sumu. María, ambaye hakumuua mume yule, anahukumiwa kwa kosa hilo. Mpelelezi aliyekuwa mchumba wake anakaribia kumtambua, naye analikana jina lake mwenyewe.

Kuna hoja nzito ndani ya msuko huu. Gavaldón na Revueltas wanatuonyesha kuwa huwezi kuutwaa utajiri wa mtu bila kuitwaa pia hatia iliyouzaa. Wangeyaandika hayo katika kijitabu cha chama, yangesomwa na wachache waliokwisha kuyaamini. Waliyaweka katika uso wa mwigizaji aliyependwa kuliko wote, nao umma ukalipa kiingilio ili kuyaona.

Filamu ya pili ni En la palma de tu mano, yaani Katika Kiganja cha Mkono Wako, ya mwaka 1951. Arturo de Córdova anamwigiza Jaime Karín, mnajimu wa uongo anayewasomea matajiri nyota na viganja. Maarifa yake hayatoki mbinguni. Yanatoka kwa mkewe Clara, anayefanya kazi saluni na kuyaokota maneno ya wateja wanapotengenezwa nywele. Kwa njia hiyo Karín anapata siri ya Ada, mjane wa milionea, aliyekuwa na uhusiano wa kimapenzi na mpwa wa mumewe. Anaenda kumtisha ili amkamue fedha, anaishia kunaswa na uzuri wake na kushiriki mauaji. Mtu aliyeishi kwa kuwauzia wengine mustakabali wao anashindwa kuuona wa kwake, na hofu ya siri aliyoibeba ndiyo inayomponza. Filamu hii ilishinda tuzo ya Ariel ya filamu bora mwaka 1952.

Ya tatu, La noche avanza, yaani Usiku Unasonga, ilitoka mwaka 1952, na pengine ndiyo kali zaidi. Mhusika wake mkuu, Marcos, anayeigizwa na Pedro Armendáriz, ni bingwa wa pelota, mchezo ambao mpira hurushwa ukutani kwa kasi kubwa kwa kikapu kilichofungwa mkononi, huku watazamaji wakiweka kamari. Marcos anawadharau wanyonge waziwazi, anawatumia wanawake na kuwatupa, na anaamini kuwa dunia iliumbwa kwa ajili ya washindi. Wacheza kamari wanamtia kitanzi na kumtaka apoteze mchezo kwa makusudi. Mwishowe anauawa. Bango lenye picha yake linaangushwa barabarani, na mbwa mmoja anakuja na kulikojolea. Mchezo huo ulikuwa na makao yake katika ukumbi wa Frontón México, unaotazamana na mnara wa kuyakumbuka Mapinduzi. Mtazamaji wa jiji hilo hakuhitaji kuelezwa zaidi.

Si kwamba kila filamu ya Gavaldón ya miaka hiyo ilikuwa na uzito huu. La diosa arrodillada ya mwaka 1947, ambamo María Félix anamwigiza mwanamke aliyechongewa sanamu ya uchi akiwa amepiga magoti, ilizua kelele za watetezi wa maadili kuliko mjadala wa kisanaa. Aliongoza pia filamu za kukidhi soko, na hata akafanya kazi kwa Wamarekani, ikiwemo filamu ya Disney ya mwaka 1955 kuhusu mtoto na farasi. Mhakiki mwadilifu hana budi kuyakiri haya.

Mauti na Mafuta

Katika miaka ya 1950 ushirikiano wake na Revueltas ulififia, naye Gavaldón akamgeukia B. Traven, mwandishi aliyeishi Meksiko akilificha asili yake. Kutokana na hadithi ya Traven alitengeneza Macario, iliyotoka mwaka 1960. Macario ni mkata kuni mwenye njaa ya daima. Ndoto yake pekee ni kumla bata mzinga mzima bila kugawana na mtu. Mkewe anapomwibia ndege huyo, Macario anakwenda naye msituni, na wageni watatu wanamjia mmoja baada ya mwingine: Ibilisi, Mungu na Mauti. Anawanyima wawili wa kwanza na kugawana na Mauti. Kama malipo, Mauti anampa maji ya kuponya, kwa masharti. Mwanafunzi wa fasihi simulizi ataitambua mara moja hadithi hii, kwa kuwa ngano ya Mauti kama rafiki au mlezi inasimuliwa katika tamaduni nyingi. Mandhari ya pango ambamo kila mshumaa unaowaka ni uhai wa mtu mmoja, yaliyopigwa picha na Gabriel Figueroa katika mapango ya Cacahuamilpa, ni miongoni mwa yanayokumbukwa zaidi katika historia ya filamu za Meksiko. Macario ikawa filamu ya kwanza ya nchi hiyo kuteuliwa kuwania tuzo ya Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni.

Sifa hizo zilimpa ujasiri. Mwaka 1961 alikamilisha Rosa Blanca, yaani Waridi Jeupe, kutokana na riwaya ya Traven. Hadithi yake ni nyepesi kusimulia. Kampuni ya mafuta ya kigeni inalitaka shamba liitwalo Rosa Blanca. Mwenye shamba, Jacinto Yáñez, anakataa kuuza kwa sababu ardhi hiyo ni ya vizazi vilivyopita na vijavyo. Anahadaiwa asafiri hadi Marekani, anauawa, na shamba linatwaliwa. Hii nayo ni filamu ya uhalifu. Kuna mtego, kuna mauaji, kuna saini ya hila. Tofauti ni kwamba safari hii muuaji alikuwa kampuni, na mauaji yalitendeka katika mwanga wa jua.

Meksiko ilikuwa imetaifisha mafuta yake mwaka 1938 chini ya Rais Lázaro Cárdenas, na siku ya tukio hilo ilikuwa ikiadhimishwa kwa fahari. Mtu angetarajia kuwa serikali ingeipokea filamu hiyo kwa vifijo. Ilifungiwa. Inaaminika kuwa wakubwa walihofia kuwaudhi Wamarekani, au walihofia kwamba watazamaji wangeanza kuuliza ardhi ilikuwa mikononi mwa nani wakati huo. Haikuonyeshwa kwa umma hadi mwaka 1972. Hapo ndipo unapoonekana ukweli ambao makala haya yanaushikilia. María alipomuua pacha wake kwa ajili ya mali, hakuna aliyeona siasa. Watu waliona taharuki. Kampuni ilipomuua mkulima kwa ajili ya mali, kabati lilifungwa kwa ufunguo.

Hukumu ya Kizazi Kilichofuata

Gavaldón alikutana pia na hukumu nyingine, ya wahakiki. Mwaka 1961 kundi la vijana lilianzisha jarida la Nuevo Cine, likidai kuwa filamu za Meksiko zilikuwa zimedumaa. Machoni pao Gavaldón alikuwa fundi baridi, mwenye picha safi na moyo mkavu, aliyeiga Hollywood. Walikuwa na lalamiko jingine lililokuwa na mashiko. Gavaldón alikuwa miongoni mwa viongozi wa chama cha wafanyakazi wa filamu, na tawi la waongozaji katika chama hicho lilikuwa limewafungia vijana mlango kwa miaka mingi. Ilibidi chama chenyewe kiandae mashindano ya filamu za majaribio mnamo 1965 ndipo sura mpya zilipopata upenyo. Ni kinaya kwamba mtu aliyeonyesha katika filamu zake jinsi wenye nafasi wanavyozing'ang'ania alituhumiwa kwa kosa hilohilo. Hatuna haja ya kumsafisha. Msanii anaweza kuujua ugonjwa wa jamii yake barabara na bado akawa nao.

Shutuma ya kuiga, hata hivyo, inastahili kujibiwa. Hadithi ya mapacha iliyotumika katika La otra, iliyobuniwa na Rian James, ilifanywa kuwa filamu huko Hollywood mwaka 1964, Bette Davis akiigiza mapacha hao, miaka 18 baada ya Gavaldón. Tukilinganisha tarehe, ni vigumu kusema nani alikuwa mwigaji. Isitoshe, umbo la sanaa halina kabila. Linalopaswa kuulizwa ni kile ambacho msanii ametia ndani yake, na Gavaldón alitia hofu na tamaa za jiji lake mwenyewe. Wala hakuacha kutafuta maandishi mazito. El gallo de oro ya mwaka 1964, kuhusu maskini na jogoo wake wa kupigana, ilitokana na kazi ya Juan Rulfo, na mswada wake uliandikwa na Carlos Fuentes na Gabriel García Márquez pamoja na Gavaldón mwenyewe, miaka mitatu kabla ya García Márquez kuchapisha riwaya iliyompa umaarufu duniani.

Revueltas alifungwa tena baada ya vuguvugu la wanafunzi la mwaka 1968, safari hii katika gereza la Lecumberri jijini Meksiko, na akafariki mwaka 1976. Gavaldón aliendelea kuongoza hadi mwishoni mwa miaka ya 1970, bila kuupata tena moto wa awali. Aliaga dunia tarehe 4 Septemba 1986. Mwaka 2019 tamasha la filamu la San Sebastián nchini Uhispania lilimtengea maonyesho maalumu ya kazi zake, na watazamaji ambao hawakuwa wamezaliwa alipozitengeneza wakapata nafasi ya kuzihukumu wao wenyewe.

Hitimisho

Tumeona kwamba Gavaldón alianza kama mtu asiye na neno la kutamka katika filamu za wengine, akafikia kileleni, akafungiwa na serikali na kubezwa na wahakiki. Tumeona pia kuwa kazi zake bora zilisema mambo mazito kupitia utanzu ambao watu makini hawakuuheshimu. Wanaoidhinisha na kukataza hawakuona haja ya kuzichunguza hadithi za wauaji na wapiga ramli, kwa hivyo zikapita.

Katika madarasa yetu ya fasihi ni kawaida kuitenga kazi ya upelelezi na uhalifu kwa kuiita pendwa, kisha tukapita njia. Pengine tungeanza kuuliza swali jingine tunapoishika kazi ya namna hiyo mkononi: ni jambo gani ambalo mwandishi huyu asingeruhusiwa kulisema mchana?